Barua ya Wazi kwa Mpwa Wangu Aliyekataa Kipenga

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako alinipigia simu juzi usiku akanieleza kwamba daktari amekukataza kabisa kurudi mkekani, kwa kuwa kano za goti lako hazitavumilia tena kupindwa, na kwamba kocha wenu alipokuletea fomu ya kozi ya waamuzi uliirudisha juu ya kabati ukisema kipenga ni cha watu walioshindwa. Kwa goti nakupa pole ya dhati, kwa maana nilikuona ukianza mieleka ukiwa huna hata viatu vyake. Kwa maneno hayo ya kipenga, hata hivyo, sina budi kukujibu, na nimeamua kukujibu hadharani kwa sababu nimewasikia wenzako wengi wakiyasema.

Unajua kwamba nilisoma Delhi kwa miaka minne. Chumba changu kilikuwa kaskazini mwa jiji, karibu na chuo kikuu, na kutoka hapo niliweza kwenda kwa miguu hadi kwenye akhara ya Guru Hanuman, yaani uwanja wa mieleka wa kienyeji ambao wanafunzi wake huishi humo humo, hupika humo humo na huamka kabla ya alfajiri kufanya mazoezi. Udongo wa shimo lao huchanganywa na mtindi, manjano na mafuta ya haradali, ukalimwa kwa jembe na wanamieleka wenyewe mpaka ukawa laini kama unga. Nilichokitazama zaidi siku zile hakikuwa vijana waliokuwa shimoni, bali wazee waliokaa ukingoni. Walikuwa na masikio yaliyovimba na kujikunja kwa kusuguliwa miaka mingi, na mmoja akinyanyua kidole tu, vijana wawili waliokuwa wameng'ang'aniana waliachana mara moja.

Guru Hanuman mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1999. Alizaliwa Chirawa, Rajasthan, mwaka 1901, akapewa jina la Vijay Pal, na hakuwahi kuvaa medali ya Olimpiki wala hakuoa. Umri wake wote aliumalizia kwa vijana wa watu wengine, na kutoka kwenye udongo ule walitoka watu kama Kartar Singh, aliyeshinda dhahabu ya Michezo ya Asia mwaka 1978 na tena mwaka 1986, na Satpal Singh, ambaye ndiye hasa ninayetaka umfahamu.

Satpal alikuwa mtu wa uzito mkubwa, mwenyeji wa Bawana, nje kidogo ya Delhi. Mwaka 1974 alipewa Tuzo ya Arjuna, ambayo serikali ya India huwapa wanamichezo wake bora. Alirudi na medali ya fedha kutoka Michezo ya Jumuiya ya Madola mara tatu, mwaka 1974, 1978 na 1982, na mara zote tatu dhahabu ikamponyoka. Mwaka huo huo wa 1982 Michezo ya Asia ilifanyika Delhi kwao, naye akaitwaa dhahabu ya wanamieleka wa uzito wa kilo 100 mbele ya watu wake. Mtu angeweza kuishia hapo, akatundika picha ukutani na kualikwa kwenye harusi za wakubwa. Tangu mwaka 1988 yeye alikuwa Chhatrasal, uwanja wa serikali ulio Model Town, akiwafundisha watoto.

Naomba ulitafakari jambo hili kwa utulivu, kwa sababu ndilo linalonisukuma kuandika. Kabla ya mwaka 2008 India ilikuwa imepata medali moja tu ya Olimpiki katika mieleka, nayo ilikuwa shaba ya K. D. Jadhav kule Helsinki mwaka 1952. Ilichukua miaka 56 kupata ya pili, na aliyeileta alikuwa Sushil Kumar, mtoto aliyeingia Chhatrasal akiwa na umri wa miaka 14. Kule Beijing Sushil alishindwa pambano lake la kwanza na Andriy Stadnik wa Ukraine. Kwa kanuni za mieleka, anayeshindwa na mtu ambaye baadaye anafika fainali hurudishwa kuipigania shaba. Basi Sushil akakaa akingoja matokeo ya mwingine, kisha akarudi mkekani na kushinda mapambano matatu mfululizo. Kurudi namna hiyo, baada ya kukubali moyoni kwamba umetolewa, hakuji kwa nguvu za misuli pekee. Mtu lazima awe amefundishwa na mwalimu aliyewahi kuamka asubuhi baada ya kuikosa dhahabu, na Satpal alikuwa ameamka hivyo mara tatu.

Baada ya hapo uwanja ule haukukauka. Sushil alipata fedha London mwaka 2012, na katika michezo hiyo hiyo Yogeshwar Dutt akapata shaba. Ravi Dahiya akapata fedha Tokyo. Aman Sehrawat akapata shaba Paris mwaka 2024. Wote hao walipita Chhatrasal. Wala sitakuficha upande wa giza: mwezi Mei mwaka 2021 mwanamieleka kijana alifariki baada ya kupigwa katika uwanja huo huo, na Sushil mwenyewe akakamatwa na kushtakiwa kwa mauaji, mashtaka ambayo ameyakana mahakamani. Niliposoma habari hizo nilihuzunika kama mtu wa nyumba ile. Nakutajia jambo hili ili usidhani kwamba ninakupamba kwa hadithi za watakatifu, na ili ujue kwamba mahali panapolea mabingwa panahitaji sana watu wenye mamlaka ya kusema basi, na wakatiiwa.

Hapo ndipo ninapofika kwenye kipenga. Katika mashindano ya vijijini ya India, yale wanayoyaita dangal, anayeamua pambano kwa desturi ni mwanamieleka mzee anayeheshimiwa na pande zote mbili, na watu humkubali kwa kuwa mgongo wake mwenyewe umewahi kuguswa na udongo. Kwenye mkeka wa kimataifa kazi hiyo imegawanywa kwa watu watatu, yaani mwamuzi aliye mkekani, jaji, na mwenyekiti wa mkeka. Aliye mkekani huvaa kikuku chekundu mkono wa kushoto na cha buluu mkono wa kulia, akaonyesha pointi kwa mkono wenye rangi ya mshindani aliyezipata. Akiona mabega yote mawili ya mmoja yamegusa mkeka, jambo linalomaliza pambano, hapulizi kipenga papo hapo. Kwanza huinua mkono kuomba ridhaa ya jaji au mwenyekiti, kisha hupiga mkeka kwa kiganja, ndipo anapopuliza. Katika muda huo mfupi kuliko pumzi moja, amebeba miaka minne ya maisha ya watu wawili.

Mtazame Ravi Dahiya katika nusu fainali ya Tokyo, kilo 57, dhidi ya Nurislam Sanayev wa Kazakhstan. Alikuwa nyuma kwa pointi 2 dhidi ya 9, muda unayoyoma, akafanikiwa kumshika mwenzake na kumlaza chali. Yule wa chini alimng'ata mkono, alama za meno zikabaki, na bado Ravi hakuachia. Ni nani aliyepaswa kuyatazama mabega katika vurugu ile ya mikono na miguu, akiwa amepiga magoti na shavu lake karibu na mkeka, akipima kama pana nafasi ya unene wa karatasi kati ya bega na mkeka? Wewe umewahi kuwa juu, umewahi kuwa chini. Unajua bega linavyodanganya linapoinuliwa kwa pumzi ya mwisho, na unajua tofauti ya mtu anayepumzika kwa ujanja na mtu aliyeishiwa kweli, jambo ambalo mwamuzi hulazimika kulikata pale anapomwonya mshindani kwa kukwepa pambano, akampa sekunde 30 za kupata pointi, la sivyo mpinzani anaipata yeye. Ujuzi huo haufundishwi darasani peke yake. Wewe umeulipia kwa goti lako.

Siku moja baada ya nusu fainali hiyo ya Ravi, Deepak Punia, naye kijana wa Chhatrasal, aliikosa shaba ya kilo 86 katika sekunde za mwisho mbele ya Myles Amine wa San Marino. Kocha wake, mgeni aliyeajiriwa kutoka nje, alimfuata mwamuzi na kumshambulia, akafukuzwa kwenye michezo hiyo. Ninaelewa uchungu wake kabisa. Hata hivyo, kijana wake alihitaji mtu wa kukaa naye jioni ile, na aliyepaswa kukaa naye alikuwa akifungasha mizigo. Katika Olimpiki hiyo hiyo miongoni mwa waamuzi alikuwamo Ashok Kumar wa India. Nchi ile ilipeleka watu wa kushindana na ikapeleka mtu wa kuamua, na sioni ni wapi palipoandikwa kwamba mmoja aliiwakilisha kidogo kuliko mwingine.

Umemwambia mama yako kwamba hutaki kusimama katikati ukiwatazama wengine wakifanya kile ulichonyimwa. Hilo silipingi, maana litauma kweli, pengine kwa mwaka mzima, na usimruhusu mtu akuambie kwamba haliumi. Ila mwezi uliopita, kwenye mashindano yenu, nilimwona mtoto wa kilo 48 akilia kwa sababu mtu aliyevalishwa kipenga hakujua kwamba bega moja halitoshi. Wewe ulikuwa jukwaani, ukasimama na kupiga kelele kabla ya mtu mwingine yeyote kuelewa kilichotokea.

Kocha wenu ameniambia fomu zinapokelewa hadi Ijumaa. Nimemwomba mama yako aiteremshe yako kutoka kabatini na kuiweka mezani pamoja na kalamu. Ada ya kozi nitailipa mimi, na vikuku viwili, chekundu na cha buluu, nimeshamwagiza fundi avishone.

Wako,
Mjomba