Mwongozo wa Safari ya Oman Uandikwe kwa Ajili Yetu wa Kanda ya Ziwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa maoni ili nizungumzie makala ya utalii kuhusu Oman mliyoichapisha hivi karibuni. Picha za hoteli za Maskati zilipendeza na bei za manukato zilielezwa vizuri, lakini mtu wa Nyakato au Sengerema aliyekusudia kwenda huko hakuambiwa aende miezi gani, abebe fedha gani, avae nini, wala kwa nini nchi hiyo imhusu kuliko nyingine za Ghuba. Ilisomeka kana kwamba ilikusudiwa mtalii wa Ulaya anayekimbia baridi.

Sisi historia ya Oman tunaanza kuikuta hapa hapa bara. Waomani waliwatoa Wareno Maskati mwaka 1650, wakaiteka Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698, na katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 Sultani Said bin Sultan akahamishia makao yake Unguja. Kutoka pwani, misafara ya pembe za ndovu ilipanda hadi Kaze, yaani Tabora ya leo, ambako wafanyabiashara wenye asili ya Oman waliweka makazi, na kutoka hapo njia nyingine ikaelekea kaskazini kwenye Ziwa. John Hanning Speke, ambaye vitabu vyetu vya shule vilimpa sifa ya kuligundua Ziwa Victoria, alikuwa amekwisha kusimuliwa habari za ziwa hili na wafanyabiashara hao wa Kaze, na alipofika Mwanza Agosti 1858 alimkuta Mwarabu mmoja ametangulia, sembuse Wasukuma wenyewe ambao hawakuhitaji kugunduliwa na mtu. Jambo kama hilo lingewekwa mwanzoni mwa makala yenu, msomaji wa huku angeendelea kusoma hadi mwisho.

Historia hiyo isielezwe nusunusu. Njia iliyopitisha pembe ndiyo iliyopitisha mateka, na ubani, karafuu na majahazi havitajiki kwa haki bila utumwa kutajwa pamoja navyo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 kwa shinikizo la Waingereza, na katika Oman yenyewe utumwa ulipigwa marufuku mwaka 1970 tu. Sisemi msafiri aende kugombana na wenyeji wake kwa mambo ya mababu, ila asiende akidhani kwamba ngome na majumba anayopiga picha yalijengwa kwa biashara ya tende.

Baada ya Sultani Said kufariki mwaka 1856, dola yake iligawanywa kwa usuluhishi wa Waingereza mwaka 1861, Zanzibar ikabaki kwa mwanawe Majid na Maskati kwa mwanawe mwingine, Thuwaini. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, watu wengi wenye asili ya Oman waliondoka, na Sultani Qaboos alipotwaa madaraka Julai 1970 aliwaita Waomani waliotawanyika nje warudi kuijenga nchi. Waliotoka huku walirudi na elimu yao, mapishi yao na Kiswahili chao. Kwa msafiri wetu hii ni faida kubwa. Udereva wa teksi umetengewa raia, kwa hiyo si ajabu ukapanda gari, ukasalimia kwa Kiarabu cha kubahatisha, dereva akakujibu kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko chako na kukuuliza umetoka upande gani. Madukani hali ni tofauti, kwa kuwa wauzaji wengi wametoka India, Pakistan na Bangladesh.

Makala yenu ilisimama Maskati. Ningekuwa mimi mwandishi, msafiri ningempeleka mji wa Nizwa, na ningemfikisha siku ya Ijumaa alfajiri. Chini ya ngome yenye mnara mkubwa wa mviringo, iliyojengwa karne ya 17 na mtawala wa Oman, Imamu Sultan bin Saif, kuna mnada wa mifugo ambao mtu aliyekulia Usukumani atauelewa bila mkalimani. Wanunuzi hukaa au kusimama kwa duara mbili, moja ndani na nyingine nje, na katikati hubaki kinjia ambamo wauzaji huzunguka wakivuta mbuzi kwa kamba huku wakitangaza bei kwa sauti. Mnunuzi humsimamisha muuzaji, hukagua meno, huminya mgongo, hushika kiwele, kisha hutaja bei yake. Wasipoelewana, mbuzi huendelea na mzunguko. Asubuhi haijasogea sana mnada umekwisha, kwa maana Ijumaa ni siku ya sala na maduka mengi hufungwa hadi alasiri. Mwenye kuchelewa kuamka hukuta mavi ya mbuzi tu.

Nizwa pia kuna Falaj Daris, mmoja wa mifereji mitano ya Oman iliyoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Maji hukusanywa kutoka chini ya ardhi na kuteremka yenyewe kwa mwinamo, bila pampu, na mashamba hugawiwa maji kwa zamu zilizokuwa zikipimwa mchana kwa kivuli cha jua na usiku kwa nyota. Watu hunywa na kutumia kwanza, mitende hufuata. Sisi tunaoliona Ziwa kutoka dirishani na bado tunapanga madumu uani tukisubiri zamu ya mtaa, mpangilio huo unatupa la kuwaza.

Upande wa pwani, mji wa Sur ulikuwa maarufu kwa kuunda majahazi, yale yaliyosukumwa na kaskazi hadi kwetu na kurudishwa na kusi; moja lililoundwa mwaka 1951, Fath al-Khair, limehifadhiwa huko. Salalah, iliyo kusini sana, husifiwa kwa mvua za khareef kati ya Juni na Septemba, na watu wa Ghuba humiminika huko kutazama ukungu na majani mabichi. Mtu wa Mwanza sidhani kama atalipa nauli kwa ajili ya manyunyu. Aende kwa sababu ya miti ya ubani, ambayo maeneo yake yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000.

Sasa mambo ya kawaida ambayo hayakuandikwa. Kutoka Mwanza hakuna ndege ya moja kwa moja, kwa hiyo gharama ya kufika kwanza Dar es Salaam au kwingineko iingizwe kwenye hesabu. Wakati mzuri ni Novemba hadi Machi. Miezi ya kiangazi cha kule joto la Maskati hupita nyuzi 40. Rial moja, fedha ya Oman, ni karibu dola 2.6 na imegawanywa katika baisa 1,000, hivyo anayeona bei imeandikwa 2.500 asidhani anadaiwa elfu mbili na mia tano, ni rial mbili na nusu. Beba dola. Magari hupita kulia, jambo ambalo mtu aliyezoea barabara ya Kenyatta anapaswa kulikumbuka kabla ya kuvuka, achilia mbali kukodi gari. Mabonde makavu hufurika ghafla mvua ikinyesha milimani, usiegeshe humo. Mwezi wa Ramadhani usile wala usinywe hadharani mchana, hata kama wewe ni Mkristo. Msikiti Mkuu wa Sultani Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001, huwapokea wasio Waislamu asubuhi isipokuwa Ijumaa, na wanawake hufunika nywele. Ukikaribishwa kahawa, pokea kikombe kwa mkono wa kulia, na ukitosheka kitikise kidogo unapokirudisha, vinginevyo utaendelea kumiminiwa.

Kuhusu viza, maombi hufanywa kwa mtandao kupitia Polisi ya Kifalme ya Oman, na viza ya utalii haimruhusu mtu kufanya kazi. Nalisisitiza hili kwa sababu wapo mabinti wa mkoa huu wanaoahidiwa kazi za ndani na mawakala wa mitaani na kusafirishwa kwa karatasi za matembezi. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu mateso ya wafanyakazi wa ndani wa Kitanzania katika Oman na Falme za Kiarabu, na gazeti linaloandika juu ya uzuri wa nchi hiyo haliwezi kulipita jambo hilo kimya.

Makala ijayo mpeni mtu aliyewahi kusafiri kutoka huku kwa fedha zake mwenyewe, na mchapishe tarehe ambayo nauli na masharti ya viza vilihakikiwa, kwa kuwa mambo hayo hubadilika kila mara.

Wenu,
Mwalimu mstaafu,
Pasiansi, Mwanza