Kwa mpwa wangu, kuhusu ile bodi feki ya gemu unayotaka kuitupa

Mpwa wangu,

Unasema skrini ni nyeusi, chipu zimekwanguliwa majina, na unauliza uanze kubadilisha prosesa au RAM. Usibadilishe chochote kwanza. Na bodi usiitupe, maana katika bodi za akedi (mashine za gemu za sarafu) hiyo feki, yaani iliyonakiliwa kinyemela, ndiyo rahisi zaidi kufufuka.

Gemu nyingi halisi zilificha kazi kubwa ndani ya chipu maalumu za kampuni zenyewe. Ikifa moja, huipati dukani. Unaichuna kutoka bodi nyingine iliyokufa. Walionakili hawakuwa na chipu hizo. Ilibidi waijenge upya kazi yake kwa vipande vya kawaida: TTL (chipu ndogo za mantiki) za mfululizo wa 74LS, RAM za kawaida, EPROM (chipu zinazohifadhi programu na hufutwa kwa mwanga wa UV). Ndiyo maana bodi yako ni ghorofa mbili na chipu zimejazana kama dagaa kwenye tenga. Karibu zote bado zinauzwa. Zinazosumbua ni baadhi ya nakala za miaka ya 90 zilizowekwa FPGA (chipu ambazo mantiki yake huandikwa baadaye) za Actel: hizo si rahisi kuzisoma wala kuzinakili, na ikifa moja ndipo utakapotafuta bodi ya kuchuna.

Ubaya wa feki uko kwenye mkono wa aliyeiunganisha. Soketi za rahisi zinazobana mguu upande mmoja tu, lehemu iliyopoa kabla haijashika, waya wa kuruka uliogandishwa kwa gundi, kebo bapa kati ya ghorofa mbili ambazo zikitikiswa kidogo picha inabadilika. Basi shuku viungo kabla ya chipu. Chomoa kila EPROM, safisha miguu, irudishe ukitazama kibonyeo cha upande wa mguu wa 1. Piga picha kabla ya kuchomoa, kwa sababu stika zilishadondoka na hakuna atakayekukumbusha ipi ilikaa wapi. Kebo bapa zichomoe na kuzirudisha mara tatu nne, kisha pima mwendelezo wa kila uzi kwa mita.

Kiunganishi cha JAMMA, ukingo wa bodi unaoiunganisha na kabati la gemu, kina pini 56, yaani 28 kila upande, umbali wa milimita 3.96 kati ya moja na nyingine. Kisugue kwa kifutio cheupe, malizia kwa isopropili. Kama plagi yako haina kizuizi kwenye nafasi ya 7, kuwa macho: ukiichomeka kichwa chini, volti 12 zinaingia kwenye laini za vitufe, na chipu za kupokea vitufe zinaungua mara moja. Kabla ya kuwasha, pima omu kati ya laini ya volti 5 na ardhi. Ukisoma omu moja au mbili, kuna shoti, na mtuhumiwa wa kwanza ni kapasita za tantalamu.

Ukishawasha, volti 5 usizipimie kwenye pawa saplai. Zipime kwenye miguu ya chipu iliyo kona ya mbali kabisa, kwenye ghorofa ya pili, kwa sababu waya na kiunganishi hula volti njiani. Unataka 4.90 hadi 5.10. Chini ya 4.75 chipu za 74LS haziko tena ndani ya kipimo chake, na bodi itafanya vituko utakavyodhani ni RAM. Rekebisha skrubu ya pawa saplai polepole, usivuke 5.25.

Halafu hakikisha skrini ni nyeusi kweli. Bodi hizi hutoa picha ya kilohezi 15, na skrini nyingi za kompyuta haziipokei. Gusisha pini ya 16, ya sarafu, na ardhi kwa sekunde ndogo. Ukisikia mlio wa sarafu, prosesa iko hai na unahangaika na picha tu. Bodi kadhaa zimezikwa zikiwa hai kwa kosa hili.

Kama kimya kimetawala, nenda kwenye prosesa. Jina limekwanguliwa, sawa, lakini umbo halikwanguliki: chipu ndefu ya miguu 64 karibu kila mara ni 68000, na ya miguu 40 karibu na chipu za sauti kwa kawaida ni Z80. Kwenye 68000, kloki (mapigo yanayoiendesha) iko mguu wa 15, HALT (mguu wa kuisimamisha) mguu wa 17, riseti (mguu wa kuianzisha upya) mguu wa 18. Kwenye Z80, kloki ni mguu wa 6 na riseti ni wa 26. Ukiwasha, riseti inakaa chini kitambo kidogo kisha inapanda na kubaki juu. Kloki isipokuwepo, fuata njia yake kurudi hadi kwenye kristali inayotoa mapigo hayo. Hiyo husimama juu kama mnara na huvunjika mguu bodi zikipangwa moja juu ya nyingine.

Hapa ndipo pa kutulia, kwa sababu miguu miwili ya 68000, HALT na riseti, inakusimulia ugonjwa. Riseti ikibaki chini daima, tatizo ni saketi ya riseti yenyewe: kapasita yake, au kigeuzi kama 74LS14. Riseti ikipanda na kushuka kwa mpigo usiobadilika, ile saketi inayomlinda prosesa inamwamsha upya kila mara, maana programu imepotea njia. Na kama riseti iko juu lakini HALT imekaa chini, prosesa imejifunga yenyewe baada ya makosa mawili mfululizo. Mara nyingi sababu ni nyepesi kuliko unavyodhani. 68000 ikiamka tu inasoma baiti 8 za kwanza: 4 za kujua rundo (sehemu ya RAM ya kuwekea vitu vya muda) liko wapi, 4 za kujua programu inaanzia wapi. Programu hiyo imegawanywa katika EPROM mbili, moja ya baiti shufwa na nyingine ya baiti witiri. Aliyekutangulia akizibadilishana mahali, prosesa inasoma upuuzi, inaruka kwenye anwani isiyo na maana, inakufa papo hapo. Badilishana hizo mbili kabla hujanunua chochote.

Kisha soma EPROM zote kwa programa, kifaa cha kuzisoma na kuziandika. Soma kila moja mara tatu. Jumla hakiki (namba inayofupisha faili nzima) zikitofautiana, ama miguu michafu au chipu imechoka. Zikifanana, peleka faili kwenye MAME, mradi wa programu inayoiga mashine za akedi kwenye kompyuta, ulioanza 1997 na unaohifadhi rekodi za nakala feki kibao. Amri yake ya -romident itakwambia ni faili ya gemu gani. Isipotambuliwa usiihukumu haraka: wanakili walipenda kukata programu ileile vipande vya ukubwa tofauti. Ilinganishe na faili ya karibu. Tofauti ikiwa ni biti moja ileile iliyoganda mwanzo hadi mwisho, mguu mmoja wa data umekufa au umekunjika chini ya chipu.

Kuna mtego wa chipu za miguu 32. 27C301 na 27C010 zina ukubwa sawa, ila mguu wa 2 na wa 24 zimebadilishana kazi: moja ina anwani A16 pale ambapo nyingine ina OE (ruhusa ya kutoa data). Ukisoma moja kwa mpangilio wa nyingine, unapata faili mbovu kutoka chipu nzima. Ukiandika mpya, angalia volti ya kuandikia: 2764 nyingi za zamani zilitaka 21, wakati 27C512 inataka kama 12.5. Ukiipa hiyo ya pili volti 21, umeiua. Kufuta ni dakika 15 hadi 20 chini ya taa ya UV ya nanomita 254, kisha ziba dirisha kwa stika isiyopitisha mwanga.

RAM ni 6116 zenye miguu 24 au 6264 zenye 28. Njia ya mkato ni kubandika nzima juu ya inayoshukiwa, mguu juu ya mguu, kisha kuwasha. Inafanya kazi pale tu mbovu inapokaa kimya. Kama inavuta laini chini kwa nguvu, nzima haitashinda, kwa hiyo kutobadilika kwa picha hakuisafishi RAM. Skrini nyeusi huelekeza kwenye RAM ya prosesa. Herufi za ovyo huku sauti inaenda vizuri huelekeza kwenye RAM ya picha. Maumbo sahihi yenye rangi za kichaa, RAM ya rangi. Ikikosekana nyekundu tupu, usiende mbali: anza pini ya 12 ya JAMMA na ngazi ya rezista zake.

Kwa TTL, weka osiloskopu kwenye miguu ya kutoa. Chini ya volti 0.5 ni sawa, juu ya 2.7 ni sawa. Ukiona mstari umelala kwenye volti moja na nusu hivi, chipu haitoi kitu. Lakini tazama kwanza kama imeruhusiwa kutoa: 74LS245, inayopitisha data, hunyamaza mguu wa 19 ukiwa juu, na hapo kosa linaweza kuwa la 74LS138, chipu ya kuchagua inayotakiwa kuiita. TTL za Fujitsu za zama hizo, zenye herufi MB mwanzoni, zina sifa mbaya ya kufa miguu ya kutoa, ukizikuta, anza nazo.

Sauti ni fupi. Amplifaya mara nyingi ni TDA2003 ya miguu 5 inayokula volti 12. Gusa ingizo lake kwa bisibisi: ikivuma, iko hai. Chipu iliyoandikwa AD-65 ni chipu ya sauti ya M6295 iliyobandikwa jina lingine.

Ukifika kung'oa chipu, usiing'oe nzima. Kata miguu yote kwa koleo dogo, toa mguu mmoja mmoja kwa lehemu mpya, safisha tundu kwa pampu, weka soketi ya pini za mviringo. Shaba ya bodi feki ni nyepesi, inabanduka kama ganda la kitunguu ukiipasha sana. Ikibanduka, ruka kwa waya mwembamba hadi kituo kinachofuata.

Nitumie usomaji wa mguu wa 15, 17 na 18, na volti 5 za ghorofa ya pili. Prosesa usiiguse mpaka nizione namba hizo.

Mjomba wako