Kuingiza majukumu kwenye PEPMIS

Ndugu watumishi wenzangu, habari za kazi. Mwaka wa fedha ulianza tarehe 1 Julai, na bado wapo wenzetu ambao hawajaingiza majukumu yao kwenye PEPMIS, mfumo wa kompyuta wa kupima utendaji kazi wa watumishi wa umma, uliochukua nafasi ya fomu za OPRAS za tathmini ya kazi. Naomba sana tusisubiri dakika za mwisho, kwa sababu kazi ambayo msimamizi hajaiona kwenye mfumo ni vigumu kuipima, hata kama uliifanya kwa jasho. Mwenzetu mmoja aliandika tu “kuhudumia wananchi”, akarudishiwa. Alipoandika “kusajili majalada 40 kila wiki”, ikaidhinishwa siku ileile. Nywila usimpe mtu yeyote, hata rafiki wa masjala. Aliyekwama aje ofisini kwangu Alhamisi, saa nane mchana, akiwa na cheki namba yake, yaani namba yake ya utumishi.