Mwanafunzi bora wa mifugo alifanya nini?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie habari za wahitimu bora wa kilimo na mifugo, zile zinazotoka kila msimu wa mahafali. Picha huwa ile ile: kijana kavaa joho, kashika cheti na bahasha, pembeni yake mgeni rasmi. Chini mistari miwili yenye jina, chuo na GPA, yaani wastani wa alama zake, basi. Nafunua ukurasa wa pili sijaambiwa kijana huyo alifanya nini hata akatunukiwa.

Mimi nafuga kuku wa mayai Kitunda, na vijana hawa nimewajua kwa kazi za mikono yao.

Miaka mitatu iliyopita mdondo, ugonjwa wa kuku ambao wengine huuita kideri, uliingia bandani kwangu mara mbili ndani ya miezi minane, na mara zote mbili nilikuwa nimechanja. Chanjo niliinunua dukani, nikaibeba kwenye chupa ya chai yenye barafu kama nilivyoelekezwa, nikafuata ratiba bila kuruka hata siku moja. Kuku wakaanza kuharisha kijani, wengine shingo zikapinda. Asubuhi naokota ishirini, kesho yake thelathini. Aliyeniuzia akanishauri nibadilishe aina ya chanjo. Nikabadilisha, wakafa vilevile. Mwenye kufuga anajua maana ya kuchimba shimo nyuma ya banda huku deni la chakula cha kuku halijalipwa.

Ndipo akaja binti mmoja wa mwaka wa mwisho, anasomea sayansi ya wanyama, yuko kwenye mafunzo kwa vitendo, kaongozana na afisa mifugo wa kata. Baada ya shikamoo hakuuliza habari za dawa. Alisema, "Mama, naomba nikuone unavyochanja." Nikachukua ndoo, nikafungua bomba. Akainama, akanusa maji. "Mama, haya yana klorini, dawa ya kuua vijidudu kwenye maji. Chanjo hii ni virusi hai, ukiitia humu unaiua kabla kuku hawajainywa."

Akanifundisha palepale. Maji yawe ya kisima safi, au ya bomba yaliyochotwa jana yake yakalala wazi. Yatiwe maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2 hivi kwa kila lita, yakae nusu saa ndipo chanjo iingie. Kuku wanyimwe maji kwa saa moja au mbili ili wanywe kwa kiu, waimalize chanjo ndani ya saa mbili, tena asubuhi jua halijawa kali. Ndoo niliyozoea kuiosha kwa dawa ya kutoa madoa akaiweka kando kabisa, akasema nitafute nyingine ya kuchanjia tu. Akanieleza pia kuhusu chanjo nyingine ya mdondo iitwayo I-2, inayostahimili joto kuliko hizi nyingine, tone moja jichoni kwa kila kuku. Tangu siku hiyo mdondo haujarudi kwangu.

Binti alipita mabanda mengi ya mtaani kwetu na daftari lake, na nasikia mradi wake wa mwisho ulihusu hayo hayo maji ya kuchanjia. Alipohitimu akawa miongoni mwa waliopewa tuzo. Nilinunua gazeti kwa furaha ya mzazi. GPA yake iliandikwa hadi desimali. Klorini, maziwa ya unga, kuku wa Kitunda, hakuna hata neno. Niliumia, Mhariri, kwa sababu asubuhi hiyo hiyo mwenzangu wa Chanika au Gongo la Mboto huenda alikuwa anamimina chanjo kwenye ndoo ya bomba.

Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichopo Morogoro, kilianzishwa mwaka 1984, kikapewa jina la waziri mkuu aliyefariki kwa ajali ya gari mwaka huo huo, mkoani humo humo. Ni miaka mingi ya utafiti wa wanafunzi, na sehemu kubwa imelala kwenye makabati ya maktaba. Wala tusiishie kwenye shahada. Wakala wa Mafunzo ya Mifugo ana kampasi hapa hapa Temeke, ana nyingine Mpwapwa, mji ulioanza kazi za utafiti wa mifugo tangu enzi za Wajerumani. Hao wa astashahada na stashahada ndio mara nyingi wanaofika zizini ng'ombe akipata ndigana usiku, na sijui ni lini niliona picha ya mmoja wao gazetini.

Lipo na hili la majumbani. Mpwa wangu alipopangiwa kozi ya mifugo, nyumba nzima ilinuna kama vile kafeli. Watu bado wanaiona ni kozi ya waliokosa udaktari. GPA kwenye karatasi haitawabadilisha. Wakisoma kwamba msichana wa miaka 23 alinusa ndoo akaokoa banda la mtu, huenda wakamtazama mtoto wao kwa jicho jingine.

Ombi langu ni hili. Mahafali yakifika, mwandishi wako asiondoke na orodha ya majina tu. Amkalishe kila mshindi kwa dakika kumi, amuulize mradi wake ulikuwa upi, aliufanyia wapi, na mfugaji au mkulima afanye nini kesho asubuhi. Mpeni nusu ukurasa. Na halmashauri zetu za Dar es Salaam ziwaalike vijana hawa kwenye mabanda yao ya Nane Nane pale Morogoro, wakae mezani watu wawaulize maswali. Mimi swali langu ninalo tayari: mwaka huu kuku wanataga mayai yenye ganda laini, na chokaa nawapa.

Mfugaji wa kuku,
Kitunda, Dar es Salaam