Barua ya wazi kwa Gavana wa Benki Kuu: pesa inayodai pesa ili itoke

Kwa Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania,
Dodoma.

Mheshimiwa Gavana,

YAH: OMBI LA ONYO KWENYE SIMU DHIDI YA UTAPELI WA SARAFU ZA KIDIJITALI

Mimi ni wakala wa miamala ya simu katika eneo la Igoma, jijini Mwanza, na huu ni mwaka wa tisa nikiifanya kazi hii. Nakuandikia kuhusu aina moja ya wizi ambayo imepita kwenye dirisha la kibanda changu mara nyingi kiasi kwamba siwezi tena kujiambia kuwa hainihusu. Ni wizi wa watu wanaojiita wafanyabiashara wa sarafu za kidijitali, yaani kripto, ambao humwonyesha mtu faida kubwa kwenye simu yake, na anapotaka kuitoa humtaka kwanza aweke pesa nyingine.

Naomba nikueleze kisa cha mteja wangu mmoja. Ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na kwa kumstahi sitamtaja jina. Kijana wa ukoo wake alimwingiza katika kundi la WhatsApp lenye watu zaidi ya 200, ambamo mtu aliyeitwa "Profesa" alitoa ishara za kununua na kuuza kila siku saa 2 usiku, na dakika chache baadaye wanakundi walianza kubandika picha za faida zao na kumshukuru Mungu. Mwalimu alianza na shilingi 130,000. Siku ya nne aliomba kutoa shilingi 18,000, zikaingia. Nakumbuka vizuri kwa sababu alikuja kuzitolea kwangu, akanionyesha ujumbe na kuniambia, "Mwanangu, hii imekubali." Nami nilimpongeza, jambo ambalo linanisumbua hadi leo.

Kwa muda wa wiki saba zilizofuata aliweka jumla ya shilingi 4,700,000, sehemu kubwa ikiwa ni kiinua mgongo chake, na programu ile ikawa inasoma salio la dola 6,140. Alipobonyeza sehemu ya kutoa, alijibiwa kwamba faida yake imefikia kiwango cha kutozwa kodi ya asilimia 10, kwamba kodi hiyo ni dola 614, na kwamba asipoilipa ndani ya saa 48 akaunti itafungwa. Akaja dirishani kwangu. Nilimwekea pesa kwenye simu yake, akaingiza namba aliyotumiwa, na kabla hajaweka namba ya siri likatokea jina la mpokeaji. Lilikuwa jina la mwanamke, la kwetu hapa hapa Tanzania, na si lile la mara iliyopita. Nikamuuliza, "Mwalimu, hivi TRA wanapokea kodi kwa namba ya simu ya mtu?" Akanijibu kwa upole kwamba yule ni mtu wao wa kubadilisha shilingi kuwa dola za mtandaoni, na kwamba ameshaelekezwa kila kitu. Akaweka namba ya siri. Foleni ilikuwa ndefu nyuma yake, nami nikamhudumia anayefuata.

Baada ya kodi ilidaiwa ada ya kupandisha "alama za uaminifu" za akaunti kutoka 80 hadi 100. Baada ya hapo aliambiwa kwamba namba ya pochi yake, yaani akaunti ya kuhifadhia kripto, ilikosewa herufi moja, na kwamba kuirekebisha kunahitaji dhamana itakayorudishwa pamoja na salio lote. Dhamana hiyo aliikopa kwenye kikoba cha mkewe.

Mheshimiwa Gavana, dalili ya wizi huu ni moja na haihitaji mtu ajue lolote kuhusu kripto. Kila anayetumia simu nchini anajua makato. Mteja akitoa shilingi 50,000 kwangu, gharama inakatwa kwenye salio lake palepale. Hakuna aliyewahi kuambiwa aniletee noti mfukoni kwanza ndipo salio lake lifunguke. Mwajiri akimkata mfanyakazi kodi, anaikata kwenye mshahara kabla haujamfikia. Kwa hiyo mtu anayedaiwa ada ili atoe pesa yake ana swali moja tu la kuwauliza: kwa nini msikate humo humo? Mwalimu aliwauliza. Walimjibu kwamba mfumo hauruhusu. Ukweli ni kwamba hapakuwa na kitu cha kukata, kwa kuwa zile dola 6,140 zilikuwa tarakimu zilizoandikwa na mwizi kwenye kioo cha simu, na angeweza kuandika 60,000 kwa urahisi uleule. Pesa halisi ilikuwa imeondoka siku ileile ilipotumwa.

Hapo naomba nieleze inavyoondoka, kwa sababu nimechukua muda kuielewa, na nadhani mawakala wengi hawaielewi. Yule mwanamke ambaye jina lake lilitokea huenda hana hatia yoyote. Kuna watu wanaouza sarafu iitwayo USDT, ambayo thamani yake hufungwa na dola ya Marekani, na hupokea malipo kwa simu kama muuzaji mwingine yeyote. Tapeli anaagiza USDT kwa muuzaji wa namna hiyo, anampa Mwalimu namba ya muuzaji, Mwalimu analipa shilingi, na muuzaji anapeleka USDT kwenye pochi ya tapeli akiamini amemaliza biashara halali. Mlipaji na mpokeaji wa shilingi wote ni Watanzania wenye laini zilizosajiliwa kwa alama za vidole, lakini mwizi hayumo kabisa katika muamala huo. Ndiyo maana majina hubadilika kila mara, na ndiyo maana usajili wa laini, pamoja na faida zake zote, haukumzuia huyu.

Jambo linalonitia uchungu zaidi ni kwamba matapeli hawa wanatumia sheria zetu kama chambo. Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo yanayotokana na mali za kidijitali. Mwananchi aliyesikia habari hiyo redioni, akaambiwa kwenye programu kwamba anadaiwa kodi, anaona mambo yanaoana. Hajui kwamba kodi ya zuio, kama jina lake linavyosema, huzuiwa na anayelipa na kupelekwa naye serikalini, wala mpokeaji hatakiwi kutanguliza hata senti. Hajakumbushwa pia kwamba malipo ya Serikali hufanywa kwa kumbukumbu namba ya malipo, wala hayapelekwi kwenye simu ya mtu binafsi au kwenye pochi ya USDT. Tamko la pamoja la Benki Kuu na Mamlaka ya Mapato (TRA), lenye sentensi mbili za Kiswahili chepesi juu ya jambo hili, lingemnyima tapeli uongo wake mkubwa kuliko wote.

Chambo cha pili ni woga. Novemba 2019 Benki Kuu iliutangazia umma kwamba shilingi ndiyo fedha halali pekee nchini na kwamba biashara ya sarafu hizi inakwenda kinyume na kanuni za fedha za kigeni. Juni 2021, hapa hapa Mwanza, Mheshimiwa Rais Samia Suluhu Hassan alipofungua jengo la tawi la Benki Kuu aliitaka Benki ianze kujiandaa kwa ajili ya sarafu za kidijitali. Miaka mitatu baadaye ikaja kodi. Wataalamu wanaweza kueleza namna mambo hayo matatu yanavyokaa pamoja. Mteja wa Igoma hawezi. Anachojua ni kwamba alifanya kitu ambacho labda kimekatazwa, na kwamba akienda kushtaki huenda akashtakiwa yeye. Mwalimu alipojikaza akaenda kutoa taarifa katika ofisi moja ambayo sitaitaja, swali la kwanza aliloulizwa ni kwa nini aliingia kwenye biashara isiyoruhusiwa. Alirudi nyumbani bila kuandikisha maelezo. Matapeli wanaujua woga huu vizuri: anayeanza kulalamika kwenye kundi huambiwa kwamba akaunti yake inachunguzwa kwa utakatishaji wa fedha, na hunyamaza.

Naomba kwa heshima zote Benki Kuu iseme waziwazi kwamba aliyetapeliwa na akatoa taarifa atapokelewa kama mwathirika. Bila kauli hiyo hatutajua ukubwa wa tatizo, kwa sababu wanaoujua ndio wanaoogopa kusema.

Tatizo si la Igoma pekee. Mwaka 2025 Polisi wa Kimataifa, Interpol, walitangaza kwamba katika nchi jirani ya Zambia kumevunjwa mtandao wa uwekezaji wa uongo wa sarafu za kidijitali ulioumiza watu wapatao 65,000, kwa hasara inayokadiriwa kufika dola milioni 300. Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, liliripoti kwamba malalamiko yanayohusu kripto yaliyolifikia mwaka 2024 yalikuwa na hasara ya dola bilioni 9.3, na hiyo ni nchi yenye benki kila kona na watu waliosoma. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa nayo ilieleza mwaka 2023 kwamba watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar na wapatao 100,000 nchini Kambodia huenda walikuwa wakishikiliwa na kulazimishwa kufanya utapeli wa mtandaoni. Miongoni mwa waliookolewa kutoka Myanmar wamo vijana wa Kenya na Uganda walioahidiwa ajira. Huenda mtu aliyekuwa akimwandikia Mwalimu kila usiku naye alikuwa amefungiwa mahali. Hilo halipunguzi hasara ya Mwalimu, lakini linaonyesha tunapambana na kiwanda chenye zamu na viwango vya uzalishaji.

Wenye umri wangu wanakumbuka DECI, ule mchezo wa upatu, na habari za "kupanda mbegu" zilizoishia mikononi mwa Serikali mwaka 2009. Wakati ule palikuwa na ofisi, na watu waliweza kwenda kusimama getini wakadai chao. Leo hakuna geti. Usiku mmoja kundi la Mwalimu lilifutwa na watu 200 wakatoweka, na sina hakika hata 20 kati yao walikuwa watu wa kweli.

Matangazo kwenye magazeti na tovuti ni mema, lakini humfikia mtu akiwa ametulia, siku ambayo hatumi pesa. Anayetapeliwa yuko mbioni, amepewa saa 48, na kitu cha mwisho anachokisoma kabla ya kuweka namba ya siri ni kile kioo chenye jina la mpokeaji na kiasi. Hapo ndipo ninapoomba onyo liwekwe. Benki Kuu ndiyo inayosimamia mifumo ya malipo nchini na inaweza kuzielekeza kampuni zote za simu kuongeza, kwa miamala ya kiasi kikubwa inayokwenda kwa mtu binafsi, maneno kama haya: "Kama unatuma pesa hii ili uruhusiwe kutoa pesa yako nyingine, ni utapeli. Usitume." Hayafiki herufi 100. Mwalimu alikuja kwangu mara tatu baada ya lile dai la kodi, na kila mara alikisoma kile kioo kwa sauti, neno kwa neno, kama alivyokuwa akiwasomea wanafunzi wake imla.

Ombi jingine ni la muda. Tayari tuna namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ambayo wananchi huitumia kupeleka ujumbe na namba za matapeli wa simu, na watu wameizoea. Kwa wizi huu inahitajika njia ya haraka zaidi, ambayo mtu akiipigia simu, muamala wake unaweza kusimamishwa ukiwa bado kwenye shilingi. Hata ukishakuwa USDT bado haujapotea moja kwa moja: kila uhamisho unaandikwa kwenye daftari la wazi ambalo dunia nzima inaweza kulisoma, na kampuni inayotoa sarafu hiyo, Tether, ina uwezo wa kuzifungia pochi na imefanya hivyo kwa maombi ya vyombo vya dola. Lakini anayepokea malalamiko ni lazima ajue kuandika anwani ya pochi, ambayo kwenye TRON, mmoja wa mitandao inayosafirisha USDT, huanza na herufi T, pamoja na namba ya uhamisho, kisha aipeleke panapohusika siku hiyohiyo. Wenzetu wa Kenya walipitisha sheria ya watoa huduma za mali pepe, yaani mali za kidijitali kama kripto, mwaka 2025, na sasa mwananchi wao ana swali la kumuuliza kila anayemfuata: leseni yako iko wapi? Nasi tunahitaji orodha ya wenye leseni, kwa Kiswahili, inayoweza kusomwa hata kwa simu ya batani.

Sisi mawakala nasi tufundishwe. Tuna mafunzo ya noti bandia na ya kitambulisho cha mteja, lakini hakuna aliyewahi kutuambia tufanye nini mzee anapokuja kwa mara ya tatu katika wiki moja kutuma pesa kwa jina jipya. Naomba pia mafunzo hayo yawataje wanaokuja baadaye, maana mwezi uliopita Mwalimu alipigiwa na mtu anayejiita mtaalamu wa kurudisha pesa zilizoibwa. Anajua kiasi alichopoteza hadi dola ya mwisho, na anaomba shilingi 250,000 za kuanzia kazi. Safari hii Mwalimu alinipigia kwanza, na hakutuma.

Daftari langu la miamala lina tarehe, saa na kiasi cha kila nilichomwekea, na Mwalimu amekubali yote yaliyomo kwenye simu yake yasomwe na wachunguzi wa Benki. Tukiitwa katika tawi lenu la Mwanza tutakuja wote wawili, siku yoyote mtakayotupangia.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Wakala wa miamala ya simu,
Igoma, Mwanza.