Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wazazi

Ndugu Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Karibu sana Missenyi, wilaya yetu ya mpakani na Uganda. Tumechagua kukueleza habari za ardhi hii uliyoikanyaga leo.

Mgeni Rasmi, ulipovuka Mto Kagera kwenye daraja la Kyaka hukutoka Tanzania. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walikubaliana, wakiwa Ulaya, kwamba mpaka ufuate nyuzi 1 kusini mwa ikweta. Mto huo hawakuujali. Ndiyo maana kipande hiki kilicho ng'ambo ya mto kiliangukia kwa Wajerumani, na watu waliozoea kuoana na kuzikana wakawa chini ya bendera mbili. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Mwingereza akatawala pande zote, hadi uhuru wa Tanganyika mwaka 1961 na wa Uganda mwaka 1962.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin, mtawala wa Uganda, yaliingia, na Novemba 1 akatangaza kuwa ardhi yote hadi mtoni ni ya Uganda. Kisha daraja likalipuliwa. Wazee wetu hulizungumzia daraja hilo kuliko mizinga, maana lilipoanguka, aliyechelewa kukimbia alibaki mikononi mwa adui. Ng'ombe waliswagwa kuvushwa mpaka, kiwanda cha sukari kikaporwa. Mwalimu Nyerere alisema nia, sababu na uwezo wa kumpiga tunavyo, na Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka. Mwaka huohuo mkoa wetu, uliokuwa Ziwa Magharibi, ukaitwa Kagera.

Darasani tunasoma zaidi habari za majeshi. Nani alivuka usiku kwa mtumbwi, nani alirudi akakuta shamba la migomba limegeuka pori, hayo yako vifuani mwa bibi na babu zetu. Kila mwaka tunawazika wachache wao. Tumeanza kuwatembelea, lakini tunaandika kwa mkono, na mzee akishika kasi ya kusimulia kalamu inaachwa nyuma.

Tunaomba vinasa sauti viwili na kabati la kufungia kumbukumbu. Tunaomba pia utusemee kwa wahusika, magofu ya kanisa la Kyaka, lililobomolewa katika vita hivyo, yawekewe kibao cha maelezo kwa Kiswahili. Wapo wadogo zetu wanaopita hapo kila siku na kudhani ni jengo lililozeeka tu.

Ndugu Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha.