Pilau iliyolala haiponi kwa kupashwa moto

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wapishi wa shughuli na wenye shughuli wenyewe hapa Tanga, kuhusu chakula kinachopikwa usiku kikasubiri wageni wa kesho mchana.

Wengi tunaamini kiporo kikipashwa mpaka kikafuka moshi, kimesalimika. Kwa wali na pilau si hivyo. Mchele huja na bakteria wa udongoni aitwaye Bacillus cereus, ambaye hujificha ndani ya ganda gumu, yaani spora, lisilokufa kwa kuchemshwa. Pilau ikipoa polepole ndani ya sufuria kubwa iliyofunikwa, spora huamka, bakteria huzaliana na kutoa sumu. Ukiipasha, bakteria hufa lakini sumu hubaki. Hustahimili hata nyuzi 121 za Selsiasi, joto ambalo sufuria zetu hazilifikii. Mlaji hutapika ndani ya saa 1 hadi 6. Na pua haisaidii, kwa sababu pilau hiyo huweza kunukia iliki na bizari vilevile, bila dalili ya kuchacha.

Mchuzi wa nyama uliolala una bakteria wake, Clostridium perfringens. Huyu huleta msokoto wa tumbo na kuhara baada ya saa 6 hadi 24, wageni wakiwa wameshatawanyika.

Kinachoniuma zaidi ni yanayofuata. Watu wakianza kutapika, minong'ono inaanza kwamba fulani katia kitu. Mama wa watu aliyekuja kusaidia kumenya vitunguu anabeba lawama, na undugu unakatika.

Tupike alfajiri. Makaa yasiondolewe mpaka chakula kipakuliwe, kikae juu ya nyuzi 60. Kilichopoa kisizidi saa 2 nje, na kwa joto letu la kaskazi hata hizo ni nyingi. Kinachobaki kitandazwe kwenye masinia kipoe upesi, kisha kiingie kwenye friji. Asiye na friji awapelekee majirani kingali cha moto, waambiwe wakile hapohapo.

Najua mpishi wa alfajiri hudai zaidi. Basi fedha hiyo ipangwe mapema kwenye vikao vya harusi, kama tunavyopanga ya turubai na muziki. Nawaomba pia maafisa afya wa kata wawafuate wapishi hawa huko huko jikoni, kabla ya shughuli.

Msomaji wako,
Ngamiani, Tanga